Chakula cha Waswidi na Wageni Waliokileta

Wasomaji wa gazeti letu wataikumbuka Siku ya Utamaduni tuliyoifanya muhula uliopita. Kamati ya siku ile iliamua kwamba mezani viwekwe vyakula vya asili peke yake, na kila kilichotoka ng'ambo kiondolewe. Basi ugali ukapita, na muhogo ukapita. Pilau ikakataliwa, chapati zikakataliwa, na msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliyekuja na kapu la mahamri ya mama yake akaambiwa alirudishe nyumbani, kwa kuwa iliki iliyomo ni kitu cha Wahindi. Mimi nilikuwamo katika kamati hiyo, na sahihi yangu ipo.

Siku ya tatu yake mtoto yule alinifuata baada ya kipindi cha jiografia.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza, mahindi yalitoka wapi?"

Nikamjibu kwamba yalitoka Amerika, na Wareno ndio walioyaleta pwani yetu.

"Na muhogo?"

Nao vilevile. Akashukuru, akaenda zake. Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja ya kuongeza.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za vyakula vya mataifa, na nchi iliyonipendeza zaidi kwa jambo hili ni Uswidi. Nimechagua nchi ya mbali makusudi, kwani katika mambo ya nyumbani kila mmoja wetu amekwisha kushika upande wake.

Uswidi ni nchi ndefu iliyo kaskazini ya Ulaya, baina ya Norwei na Bahari ya Baltiki. Sehemu yake ya juu imeingia ndani ya Duara ya Aktiki, na huko katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kabisa. Msimu wa kulima ni mfupi, na majira ya baridi ni marefu. Kwa sababu hiyo tangu zamani kazi kubwa ya mwanamke wa Kiswidi jikoni ilikuwa kuhifadhi kuliko kupika: kukausha, kufukiza moshi, kutia chumvi, kuchachusha. Nafaka yao ya shayiri, na ile nyingine iitwayo rai, waliioka mikate myembamba mikavu yenye tundu katikati, wakaitunga katika mti na kuining'iniza darini, ikakaa miezi mingi bila kuharibika. Walikuwa na kabichi, njegere kavu, maziwa na siagi, na matunda madogo mekundu ya mwituni yaitwayo lingon, yenye ukali kama wa ukwaju. Tena walikuwa na samaki waitwao sill, wa jamii moja na dagaa wa baharini ila ni wakubwa zaidi, wakiwekwa katika mapipa kwa chumvi. Chakula cha namna hii hukiita husmanskost, yaani chakula cha mwenye nyumba wa kawaida. Mswidi akitaja chakula cha asili, hiki ndicho anachokikusudia.

Lakini hebu tufunue lile pipa la samaki. Chumvi yake ilitoka wapi? Maji ya Bahari ya Baltiki yana chumvi haba sana, na jua la kule si jua la kuanikia maji ya bahari mpaka yakauke kama tufanyavyo huku pwani. Ilibidi chumvi inunuliwe. Katika karne za katikati ililetwa na wafanyabiashara Wajerumani wa umoja wa miji ya Hansa, kutoka visima vya Lüneburg kupitia bandari ya Lübeck; baadaye ikaja pia kutoka pwani za Ufaransa na Ureno. Meli zisipofika kwa sababu ya vita, au bei ikipanda, samaki walikuwa hatarini kuoza. Watu wa pwani ya kaskazini wakapata hila ya kutia chumvi kidogo tu na kuwaacha samaki wachache. Ndio surströmming, wauzwao siku hizi katika makopo yaliyovimba, na ambao watu wenye busara huwafungulia nje ya nyumba kwa ajili ya harufu yao. Hakuna chakula ambacho ulimwengu wote unakihesabu kuwa cha Kiswidi kuliko hiki, nacho chategemea ujuzi wa kubana matumizi ya chumvi ya watu wengine.

Wajerumani hao hawakuleta chumvi tu. Walikaa katika miji kama Visby na Stockholm, wakafanya kazi za ufundi, na wengine wakaenda katika machimbo ya shaba ya Falun. Pale machimboni ngozi za ng'ombe zilihitajiwa kwa wingi sana ili zisokotwe kamba za kuvutia mawe. Ngozi ikichukuliwa, nyama inabaki. Na Wajerumani walijua kuisaga na kuijaza katika utumbo na kuifukiza moshi. Soseji ile, falukorv, imo katika majiko ya Waswidi mpaka leo, nayo ni chakula cha kila siku cha watoto. Jina lake latokana na Falun. Ufundi wake watoka Ujerumani.

Hata siku za sikukuu mambo ni hayohayo. Kabla ya Kwaresima Waswidi hula mkate mtamu uitwao semla, na neno lenyewe limepitia Ujerumani kutoka katika neno la Kilatini la unga laini. Mfalme Adolf Fredrik alifariki Februari 1771 baada ya karamu nzito iliyomalizika kwa mikate ya namna hiyo ndani ya maziwa ya moto, na Waswidi hawachoki kukisimulia kisa hicho, nadhani kwa sababu kila mmoja wao amewahi kula kupita kiasi siku hiyo. Wakati wa Krismasi huoka biskuti nyembamba zenye tangawizi, mdalasini, karafuu na iliki. Mkate wa sikukuu ya Lusia, tarehe 13 Desemba, hutiwa zafarani ukawa wa manjano. Viungo hivyo vyote vilitoka ng'ambo.

Juu ya iliki nataka kusimama kidogo. Wengi husimulia kwamba ililetwa na mabaharia wa kale, wale Waviking, waliofika mpaka Konstantinopoli. Kisa ni kitamu, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Yaelekea zaidi kwamba iliingia polepole kwa njia ya biashara ya kawaida na vitabu vya upishi vya nchi nyingine za Ulaya. Kwa vyovyote, asili yake ni milima ya kusini-magharibi ya India, kulekule ilikotoka iliki ya kwetu, ambayo leo inalimwa hata katika milima ya Usambara. Siku hizi Waswidi ni miongoni mwa watu wa Ulaya wanaoipenda sana iliki. Huitwanga, wakaitia katika unga wa ngano pamoja na sukari na maziwa, wakaumua kwa hamira. Mswidi akionja mahamri ya Tanga au ya Mombasa atashangaa kwa nini yamekaangwa, lakini harufu hatauliza ni ya nini.

Sasa nafika kwa mfalme ambaye kisa chake ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu. Karl wa 12 alirithi kiti cha Uswidi mwaka 1697, hajatimiza miaka 15, na karibu maisha yake yote yalipita vitani. Mwaka 1709 jeshi lake lilivunjwa na Warusi huko Poltava, katika nchi ya Ukraina ya leo. Mfalme, naye amejeruhiwa mguu, akavuka mpaka pamoja na mamia ya watu wake, akaingia katika dola ya Sultani wa Uturuki, akapewa hifadhi karibu na mji wa Bender, ambao siku hizi umo katika Moldova. Alidhani atakaa siku chache. Alikaa miaka mitano katika dola ile. Wenyeji walimlisha yeye na watu wake, wakamkopesha fedha nyingi. Hata walipochoka naye, Februari 1713, wakaishambulia kambi yake wamtoe kwa nguvu. Ghasia ile Waswidi huiita kalabalik. Ni neno la Kituruki, na kwa Waturuki maana yake ni umati wa watu. Katika Kiswidi limekuwa neno la kawaida la fujo.

Mwaka 1714 mfalme alipanda farasi akarudi kaskazini. Madeni yake nayo yalimfuata. Wadai wake, Waislamu na Wayahudi na Waarmenia, walisafiri mpaka Uswidi kudai haki yao, wakakaa huko miaka kadhaa wakingoja. Watu wanaongoja fedha kwa miaka lazima wale, na katika nchi walikotoka watu hula dolma, yaani nyama ya kondoo iliyosagwa, ikachanganywa na mchele, ikafungwa katika majani ya mzabibu. Wanahistoria wengi hudhani kwamba kwa njia ya watu hao, na ya maofisa waliorudi pamoja na mfalme, dolma iliingia Uswidi.

Mwaka 1755 mwanamke mmoja, Cajsa Warg, aliyekuwa msimamizi wa nyumba za wakubwa mjini Stockholm, alitoa kitabu cha upishi kwa ajili ya wasichana, nacho kikachapwa tena na tena. Katika matoleo ya karne ile dolma imo, tena kwa jina lake la Kituruki. Na mpishi asiyepata majani ya mzabibu anaelekezwa atumie majani ya kabichi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mzabibu ni taabu kuustawisha katika nchi ile, lakini kabichi ilikuwa katika kila bustani, ya tajiri na ya maskini. Kwa badiliko hilo moja chakula cha wadai wa mfalme kikawa chakula ambacho mke wa mkulima aweza kukipika. Baada ya hapo kondoo akaachwa, wakatumia nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Wakapaka asali ya sukari juu yake kikawa cha hudhurungi. Wakakila na viazi na jamu ya lingon, jambo ambalo Mturuki hakulifikiri kamwe. Leo chaitwa kåldolmar. Kål ni kabichi, na nusu ya pili ya jina yatoka kwa Sultani.

Mfalme mwenyewe alipigwa risasi akafa Norwei tarehe 30 Novemba 1718. Baadaye siku hiyo, hasa katika miaka ya 1990, ilikuwa ikitumiwa na watu wenye chuki juu ya wageni, waliokusanyika kumtukuza Karl kama mlinzi wa Uswidi iliyo safi. Tangu 2010 watu wengine wameifanya tarehe hiyohiyo kuwa Siku ya Kåldolmar, wakapika kabichi na kukumbushana ni mfalme yupi aliyekula mkate wa Waturuki kwa miaka mitano, na kwa mkopo.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu, tusije tukaamini kila kisa kwa sababu chatupendeza. Aprili 2018 ukurasa rasmi wa nchi ya Uswidi katika mtandao ulitangaza kwamba vinofu vya mviringo vya nyama, köttbullar, vilivyo maarufu kuliko vyakula vyao vyote, navyo vililetwa na Karl wa 12 kutoka Uturuki. Habari ikaenea ulimwenguni. Waturuki wakafurahi, na Waswidi wengine wakahuzunika kana kwamba wamefiwa. Walakini wajuzi wa historia ya upishi hawakukubali, kwani nyama iliyosagwa na kuviringwa ilijulikana katika nchi nyingi za Ulaya, na ushahidi wa kumtaja mfalme haupo. Tena kusaga nyama kwa kisu kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Chakula hicho kilienea kwa watu wa kawaida baada ya mashine ya kusagia nyama kupatikana, katika karne ya 19. Kwa kabichi tunalo jina na tunacho kitabu. Kwa vinofu tuna uvumi tu. Wanafunzi wa historia wazione tofauti hizo.

Nimetaja viazi. Sisi twaviita viazi ulaya, nalo ni jina la kuchekesha, kwani si vya Ulaya hata kidogo. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Olof Rudbeck alivipanda katika bustani ya chuo cha Uppsala kama mmea wa kutazamwa. Katika miaka ya 1720 Jonas Alströmer, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa London, alivilima kwake Alingsås na kuwahimiza watu wavile. Watu hawakuvitaka. Waliojaribu kuwahubiria walipata shida ileile aipatayo bwana shamba yeyote aletaye mbegu ngeni: mkulima hatii shamba lake rehani kwa ajili ya maneno.

Aliyefungua mlango alikuwa bibi mmoja wa ukoo wa wakubwa, Eva Ekeblad. Mwaka 1746 aliwaeleza wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Kifalme namna ya kupata unga na pombe kali kutoka katika viazi. Mwaka 1748, akiwa na miaka 24, alichaguliwa kuwa mwanachama wa chuo hicho, mwanamke wa kwanza kabisa. Wazazi wasikasirike nikisema kwamba pombe ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mpaka wakati ule pombe ya Waswidi ilitengenezwa kwa nafaka, na katika miaka ya njaa nafaka iliyokwenda katika mtungi wa gongo ilikuwa imetoka katika kinywa cha mtoto. Viazi vilipoingia mtungini, nafaka ikarudi mezani. Na mkulima aliyekwisha kulima viazi kwa ajili ya pombe alianza pia kuvichemsha. Katika karne ya 19 vikawa chakula kikuu. Askofu na mshairi Esaias Tegnér, akieleza kwa nini watu wa nchi yake wameongezeka sana, alitaja mambo matatu: amani, chanjo na viazi. Leo ukimwambia Mswidi akupe sill na vinofu bila viazi, atadhani umesahau kumaliza sentensi.

Kahawa nayo ilipita katika mapito magumu. Mti wake ni wa Ethiopia, jirani zetu. Ilifika Uswidi mwishoni mwa karne ya 17, na watu wakaipenda mno hata serikali ikaona fedha zinatoka nchini bure. Kati ya 1756 na miaka ya 1820 ikapigwa marufuku mara kadhaa, na vyombo vya kuinywea vikanyang'anywa. Kila marufuku ilipoondolewa watu walikunywa zaidi. Siku hizi Waswidi ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani, na hununua hata ya Kenya. Saa ya kuketi kazini kwa kahawa na kipande cha mkate mtamu huiita fika. Neno hilo ni jina la zamani la kahawa, kaffi, lililopinduliwa silabi zake kama watoto wetu wafanyavyo na maneno wanapotaka tusiwaelewe.

Juu ya Kampuni ya Uswidi ya Uhindi wa Mashariki nitasema machache tu. Iliundwa 1731, ikatuma meli zake kutoka Gothenburg katika safari 132 mpaka ilipokwisha mwaka 1813, nyingi zikienda Canton, Uchina. Chai, viungo na vyombo vya kauri vilikuja kwa njia hiyo, ingawa chai nyingi iliuzwa tena nchi nyingine.

Mambo ya karibuni mwayajua, maana ni ya dunia nzima. Mwaka 1947 pizza ilipikwa katika kantini ya kiwanda mjini Västerås kwa ajili ya wafanyakazi Waitalia. Leo kila kijiji cha Uswidi kina duka lake la pizza, na Waswidi hutia juu yake ndizi mbivu na bizari bila haya, wakaila na saladi ya kabichi ambayo asili yake ni nchi za Balkani. Jioni ya Ijumaa nyumba nyingi hula tako za Kimeksiko. Vijana wao, nadhani, wakizeeka wataziita tako hizo chakula cha bibi.

Jumamosi iliyopita darasa la Sayansi Kimu lilipika kåldolmar. Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: chemsha kabichi nzima katika maji ya chumvi mpaka majani yaanze kuachana, ukiyatoa moja moja kadiri yanavyolegea, kisha lainisha kwa kisu ule mshipa mnene wa katikati. Changanya nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga na kikombe kimoja cha wali, kitunguu kilichokatwakatwa, yai moja, maziwa kidogo, chumvi na pilipili manga. Weka kijiko cha nyama katika kila jani, kunja pande, viringa. Kaanga kwa siagi mpaka pageuke rangi, nyunyiza sukari kidogo, kisha mimina supu na ufunike kwa moto mdogo muda wa dakika 40. Malai hatukuwa nayo, tukatia tui la nazi. Lingon hatukuwa nayo, tukachemsha ukwaju na sukari.

Mama wa yule msichana wa mahamri alikuwa amekuja siku hiyo kumtazama mwanawe. Alionja kimoja, akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Mwalimu, kizuri, lakini hapa mmesahau iliki." Tukatwanga punje tatu, tukatia katika sufuria la pili, ambalo ndilo lililokwisha kwanza.

Kamati ya Siku ya Utamaduni itakaa tena mwezi ujao. Mahamri yamo katika orodha. Juu ya pilau bado tunashindana.